Mvulana Mwenye Bandeji: Namna ya Kumwandika Kijana wa Kiume katika Riwaya Unayojichapishia

Riwaya yangu ya kwanza ya vijana ilikuwa na shujaa wa miaka 16 mwenye upanga, unabii na mabega. Nilimpa mvulana mmoja wa miaka 14 aisome. Siku ya tatu akanirudishia rasimu ikiwa na mstari wa penseli ukurasa wa 11, hapo alipoachia. Nikamuuliza kulikoni. Akajikuna shingo, akasema, "Ni nzuri, ila huyu anajua kila kitu."

Nilikwisha kujichapishia nakala 100 wakati huo, na nyingi bado ninazo.

Ugumu wa kujichapishia ni huu: hakuna mhariri wa kampuni wa kukushika mkono kabla kitabu hakijatoka. Kwa hiyo mashujaa wetu wa kiume hutoka mbichi, wa aina mbili tu. Yuko wa chuma, asiyelia wala kukosea, na yuko mchekeshaji ambaye kila jambo kwake ni utani na hakuna linalomchoma. Wote wawili wana upungufu mmoja. Hawana kitu wanachokificha. Mwongozo huu unaanzia hapo, na utarudi hapo mara kwa mara.

Hatua ya 1: Mpe tarehe ya kuzaliwa

Usiandike "kijana wa miaka kama kumi na tano hivi". Chukua karatasi, andika siku aliyozaliwa na siku hadithi inapoanza. Mvulana aliyetimiza miaka 14 juzi na yule anayetimiza 15 wiki ijayo wanaandikwa umri mmoja, lakini ni watu wawili tofauti.

Vitabu vya vijana kwa kawaida hulenga wasomaji wa miaka 12 hadi 18, na wasomaji hao hupenda mhusika aliyewazidi mwaka mmoja au miwili. Ukiandikia wa miaka 13, mhusika wa miaka 15 anafaa. Akiwa na 12, kitabu kitahesabiwa cha watoto. Akiwa na 19 na kazi na nyumba yake, umeshaingia riwaya ya watu wazima hata kama anapanda farasi arukaye.

Urefu usikusumbue sana. Maneno 50,000 hadi 80,000 ndiyo kawaida ya riwaya za vijana, na hadithi za kubuni ulimwengu mpya huruhusiwa kuvuka hapo.

Hatua ya 2: Tafuta anachokificha, na anayemficha

Kabla ya msuko wa matukio, kabla ya adui, kabla hata ya jina, jaza sentensi hii: "Anaficha ___ ili ___ asijue." Nafasi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Siri isiyo na mtu wa kufichwa ni habari tu.

Hapa ndipo waandishi wengi hupiga chuku. Siri wanaifanya damu, laana, baba aliyeua. Siri ya mvulana wa miaka 15 mara nyingi ni ndogo, tena ya aibu: hasomi vizuri kwa sauti, bado analala taa ikiwaka, anapenda kushona, simu anayojifanya anapokea haikuita. Kwa mtu mzima ni mambo ya kucheka. Kwake ni kufa na kupona. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kusimama wakiwa na miaka 15 mbele ya wavulana wenzao sita.

Wangu anaitwa Zuberi, na nitamtumia hadi mwisho wa mwongozo. Ana miaka 15. Kila Jumamosi wenzake huenda mtoni kuogelea, naye hajui kuogelea. Kwa hiyo kila Jumamosi hufunga bandeji kwenye kifundo cha mguu, hufika akichechemea, hukaa juu ya jiwe. Anaficha woga wa maji ili Musa, rafiki yake wa tangu utotoni, asijue.

Nilipoanza kumwandika nilitaka kumpa kaka aliyezama, ndiyo awe na sababu ya kuogopa. Nilimzamisha huyo kaka sura nzima, nikamfuta. Ukimpa msiba, msomaji atamwonea huruma na kumsamehe mapema. Bila msiba, Zuberi ni mvulana tu aliyechelewa kujifunza jambo moja, kisha akachelewa zaidi kwa kuona aibu ya kuchelewa. Hilo kila msomaji analijua kwenye ngozi yake.

Hatua ya 3: Mkumbuke mwili

Wavulana kwa wastani huanza kurefuka kwa kasi miaka kama miwili baada ya wasichana. Darasa la wenye miaka 12 na 13 basi limejaa wavulana wanaowatazama wasichana kwa kuinua kichwa, na riwaya nyingi hilo hazilioni. Sauti hukwaruza katikati ya neno. Miguu huwa mikubwa kabla ya mtu mwenyewe, anajikwaa kwenye ngazi alizozipanda miaka yote. Njaa yake haina adabu. Jasho lina harufu mpya, na hajui kama wengine wanaisikia.

Chagua vitu viwili, si vyote, uvirudie mahali panapouma. Na acha kumsimamisha mbele ya kioo ajieleze sura yake. Hakuna mvulana anayejitazama kwenye kioo akawaza "nywele zangu nyeusi zenye mawimbi". Anatazama chunusi moja.

Hatua ya 4: Sikiliza anavyosema, hasa asiposema

Hatua hii ndiyo itakayokula muda wako, na iache ile. Nitaonyesha kwa mfano. Rasimu yangu ya kwanza ya tukio la mtoni ilikuwa hivi:

"Ninaogopa maji," Zuberi alisema kwa huzuni. "Tangu utotoni nimeishi na aibu hii, kwa sababu ninyi nyote mnajua kuogelea."
"Usijali, rafiki yangu," Musa alimjibu kwa upole. "Sisi tunakupenda jinsi ulivyo."

Kisarufi haina kosa. Kama mazungumzo ya wavulana wawili ni mzoga. Hii ni rasimu ya tano, Zuberi mwenyewe akisimulia:

Musa alikuwa wa kwanza kuvua shati. Alilikunja, akaliweka juu ya jiwe, kisha akautazama mguu wangu.
"Bado unauma?"
"Kidogo."
"Wiki iliyopita ulikuwa wa kushoto."
Wenzetu walikwisha kutumbukia. Nikaivuta ncha ya bandeji kana kwamba imelegea.
"Basi tulindie nguo," Musa akasema, akanirushia saa yake. "Hiyo ikilowa inakufa."

Tazama kilichotokea. Musa anajua. Zuberi anajua kwamba Musa anajua. Hakuna aliyetamka neno "maji" wala "woga", na hakuna aliyesema "nakupenda". Musa amempa kazi, na kazi hiyo inampa Zuberi haki ya kubaki pale juu ya jiwe bila kuwa mwoga. Wavulana wengi hupendana hivi, kwa kutumana, kwa kurushiana vitu na kutukanana kidogo. Ukiandika upendo wao kwa maneno ya kadi ya harusi, msomaji wako wa kiume atachora mstari wa penseli.

Fanya zoezi hili kwa kila mazungumzo mazito kitabuni. Kwanza andika toleo ambalo kila mtu anasema anachohisi. Usilionee haya, ni la kwako peke yako, linakusaidia kujua wanachohisi. Kisha mpe kila mmoja kitu cha kushika au cha kufanya, saa, mpira, sahani ya kuosha, halafu ufute kila sentensi inayotaja hisia kwa jina. Kinachobaki kikiwa hakieleweki, rudisha moja. Moja tu.

Misimu nayo? Itumie kwa kijiko. Lugha ya vijana huzeeka upesi kuliko karatasi iliyochapwa, na neno lililokuwa moto ulipoanza rasimu litakuwa la kuchekesha kitabu kitakapotoka. Mdundo wa usemi hudumu zaidi: sentensi fupi, kukatizana, kujibu swali kwa swali, kurudia neno la mwenzako kwa kejeli. Ukipata mdundo, maneno mawili matatu ya mtaani yanatosha.

Kuhusu nafsi ya usimulizi, ya kwanza, yaani "mimi", ina joto na ndiyo wengi huichagua. Ina mtego, hata hivyo. Mvulana anayeficha mambo kwa rafiki zake mara nyingine atamwambia msomaji yote, na siri itakufa ukurasa wa pili. Mwache amfiche hata msomaji kidogo. Zuberi wangu hasemi "siwezi kuogelea" mpaka sura ya tatu. Kabla ya hapo anasema mguu unauma, na msomaji mwenye macho ameshahesabu miguu.

Usidhani pia kwamba lazima uwe mwanamume. Mwanamke aitwaye S. E. Hinton alichapisha riwaya ya *The Outsiders* mwaka 1967 akiwa na miaka 18, na msimulizi wake ni mvulana wa miaka 14. Mchapishaji ndiye aliyemshauri atumie herufi za kwanza badala ya jina lake la kike, kwa hofu kwamba wahakiki wa kiume wangekidharau kitabu. Wasomaji wavulana wenyewe walimkubali yule msimulizi wake. Kilichohitajika kilikuwa sikio, naye alikuwa nalo.

Hatua ya 5: Watu wanaomzunguka

Wavulana wengine: kila mmoja amwone shujaa kwa namna yake. Kundi la watano wenye sauti moja ni mtu mmoja mwenye vichwa vitano. Mpunguze au mtofautishe.

Msichana: akiwa zawadi ya mwisho wa safari, mwondoe au mpe shughuli zake. Kipimo changu ni hiki: sura ambayo shujaa hayupo, yeye yuko wapi na anafanya nini? Ukikosa jibu, bado hujamwandika. Na mapenzi ya wahusika walio chini ya miaka 18 yaishie mbali na chumba cha kulala. Maduka ya vitabu yana sheria kali juu ya hilo, na hata yasingekuwa nazo, si mahali pa kwenda.

Watu wazima hutupa shida ya pekee, kwa sababu tunapenda kuwaua. Baba kafa, mama kafa, babu mwenye hekima atakufa sura ya nane. Sababu inaeleweka, kwani mtu mzima mwenye akili angemaliza tatizo kwa simu moja. Lakini kuna njia nyingine. Mwache baba awe hai, mwema, aliyechoka, anayeuliza swali zuri wakati mbaya. Baba yake Zuberi anaiona bandeji mezani, anauliza, "Umeumia?" Zuberi anajibu, "Mpira." Baba anasema, "Pole," anaendelea kula. Hakuna aliyekufa, na bado mvulana yuko peke yake.

Hatua ya 6: Ifanye siri iwe na bei

Msuko wa riwaya ya vijana si mfululizo wa mapigano. Ni mahali ambapo kuendelea kuficha kunamgharimu mtu mwingine.

Kwa Zuberi jibu la haraka lilikuwa mtoto kutumbukia mtoni, naye peke yake yuko ukingoni. Ulilikisia, sivyo? Msomaji naye angelikisia kwenye sura ya kwanza. Wazo la kwanza lililokujia limewajia wote, liandike pembeni na uliache huko.

Nilichofanya ni hiki. Jumamosi moja Zuberi anaziacha nguo, anaufuata mto kwenda juu hadi mahali pasipo watu, kwenye kina cha magoti, ajaribu kujifundisha. Akiwa huko anamwona Kito, mdogo wa kundi anayejulikana kwa uongo, amelala usingizi mzito chini ya mti. Anaporudi, saa ya Musa haipo. Wote wanamgeukia Kito. Zuberi ndiye pekee anayejua Kito hakuiiba, lakini akisema amejuaje, itabidi aseme alikuwa wapi, akifanya nini, na kwa nini aliuacha ulinzi. Anakaa kimya sura mbili. Kimya hicho ndicho riwaya.

Mwishoni asibadilike kuwa mtu mwingine. Akiwa na hatua moja mbele imetosha. Wangu mpaka ukurasa wa mwisho hajui kuogelea, lakini bandeji haipo tena mguuni.

Hatua ya 7: Wape wavulana wasome

Tafuta wasomaji wa majaribio watano, angalau watatu wawe wavulana wa umri unaoulenga, kupitia wazazi au walimu wao. Usiwaulize "umekipenda?" Watakuambia ndiyo, kwa adabu. Waambie wachore mstari kila wanapoacha kusoma, hata kama waliacha kwa sababu ya usingizi. Mistari mitatu ikiangukia ukurasa mmoja, ukurasa huo una ugonjwa. Usibishane nao.

Baada ya hapo lipa mhariri. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu kati ya mhariri na jalada la fahari, chukua mhariri.

Hatua ya 8: Duka, jalada na maelezo

Kwanza jua nani ananunua. Utafiti wa kampuni ya takwimu za vitabu ya Bowker nchini Marekani mwaka 2012 ulikuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyotengwa kwa ajili ya miaka 12 hadi 17 walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wengi walijinunulia wenyewe. Isitoshe, mvulana wa miaka 14 hana kadi ya benki. Kwa hiyo jalada na maelezo ya nyuma yazungumze na watu wawili, yeye na mtu mzima anayelipa.

Maelezo ya nyuma yasiwe muhtasari. Andika sentensi mbili au tatu zenye siri na bei yake:

*Kila Jumamosi Zuberi hufunga bandeji kwenye mguu usiouma. Saa ya Musa inapopotea, yeye peke yake anajua nani hakuiiba. Akisema amejuaje, wote watajua kwa nini mguu wake hauponi.*

Jalada liwe na kitu kimoja kinachoonekana hata picha ikiwa ndogo kama ukucha, maana ndivyo litakavyoonekana kwenye simu. Huyo kijana mwenye kofia ya koti aliyegeuza mgongo kuelekea ukungu ameshatumika kwenye majalada mengi mno. Mwache apumzike.

Ukitumia KDP (Kindle Direct Publishing), huduma ya Amazon ya kujichapishia, utaombwa maneno ya utafutaji hadi saba na hadi makundi matatu ya vitabu, pamoja na umri wa msomaji. Weka miaka 13 hadi 18 ili kitabu kiingie rafu ya vijana. Picha ya jalada la kitabu cha kielektroniki wanapendekeza iwe na pikseli 2,560 kwa urefu na 1,600 kwa upana. Mrabaha, yaani mgao wako wa mauzo, ni asilimia 70 kitabu kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99 katika nchi zilizo kwenye orodha yao, na nje ya hapo ni asilimia 35. Ukijiunga na mpango wao wa KDP Select, toleo la kielektroniki haliruhusiwi kuuzwa kwingine kwa siku 90, basi soma kabla ya kubonyeza. Tangu 2023 wanataka pia useme kama kuna maandishi au picha zilizozalishwa na akili bandia.

Sampuli ya bure kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya mwanzo wa kitabu. Riwaya ya maneno 60,000 inatoa maneno kama 6,000. Hesabu kwa kidole ujue yanaishia wapi. Tukio la bandeji kuhama mguu kwangu lilikuwa kwenye neno la 9,000. Nililivuta mpaka la 1,500, na sura mbili za "kuandaa mazingira" nikazitupa. Hakuna msomaji aliyeziulizia.

Hatua ya 9: Chapa karatasi, kisha toka nyumbani

Toleo la karatasi ni la lazima kwa kitabu cha vijana, kwa sababu shule na maktaba hukopesha karatasi, na kitabu hupita mkono kwa mkono. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ukipewa bure na KDP haitumiki nje ya KDP. Ukitaka kuchapia kwingine pia, tafuta ya kwako kwenye taasisi inayozitoa nchini mwako. Agiza nakala moja ya kwanza, uisome yote kwa kalamu kabla hujafungua mauzo.

Kisha nenda walipo. Mwandishi Christopher Paolini alianza riwaya yake *Eragon* akiwa na miaka 15, kuhusu mvulana wa miaka 15. Familia yake ikakichapisha yenyewe mwaka 2002, naye akazunguka mashuleni na maktabani amevaa mavazi ya zama za kati, zaidi ya maonyesho 135. Mwandishi Carl Hiaasen alikijua kupitia mtoto wake wa kambo aliyekisoma, na mwaka 2003 kampuni ya uchapishaji ya Knopf ikakitoa upya. Mavazi si lazima. Miguu ndiyo lazima.

Ukipewa dakika kumi mbele ya darasa, usieleze kitabu kinahusu nini wala kinafundisha nini. Soma tukio moja kwa sauti ya kawaida, la mtoni au la kwako linalofanana nalo. Mtazame yule wa kiti cha nyuma anayechezea zipu ya begi. Akiacha kuichezea, malizia sentensi uliyomo, funga kitabu, waambie kiko rafu gani ya maktaba, ukae chini.